Porsche 911 isiyo na turbo au yenye turbo: ipi inamfaa mkaazi wa Mombasa?

Nahodha wa Nyali ameuliza:

Assalamu alaikum, na habari za asubuhi kwa nyote.

Kwa muda wa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikiweka akiba kwa ajili ya jambo moja, nalo ni kununua Porsche 911, gari nililolipenda tangu nilipokuwa mwanafunzi na kuliona moja la rangi ya fedha likivuka daraja la Nyali. Sasa fedha zimetimia, na magari mawili yamepatikana hapa hapa Mombasa. Yote mawili yamekwisha kusajiliwa nchini, kwa hivyo ile sheria ya kutoagiza gari lililozidi miaka minane hainihusu, na kwa kuwa lile la zamani limetembea kilomita chache kuliko lile jipya, bei zao zimekaribiana kiasi kwamba haziwezi kuniamulia.

La kwanza ni Carrera ya mwaka 2013. Injini yake ina ujazo wa lita 3.4 na haina turbo, kile kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini. Inatoa nguvu za farasi 350 ifikapo mizunguko 7,400 kwa dakika, na torki yake (nguvu ya kuzungusha) ya juu kabisa, Nm 390, hupatikana kwenye mizunguko 5,600. La pili ni Carrera ya 2017, iliyotengenezwa baada ya Porsche kubadilisha injini: lita 3.0, turbo mbili, farasi 370 kwenye mizunguko 6,500, na torki ya Nm 450 inayoanza kupatikana mapema sana, kwenye mizunguko 1,700, ikabaki hivyo mpaka 5,000.

Jumapili iliyopita, mara tu baada ya swala ya alfajiri, niliruhusiwa kuyajaribu yote mawili kati ya Mtwapa na Kilifi kabla matatu hazijajaa barabarani. Lile la turbo lilinishangaza. Nikiwa gia ya nne, nyuma ya lori la makuti, niligusa mafuta kidogo tu na lori likawa tayari liko nyuma yangu. Lile lisilo na turbo, mahali pale pale, lilinitaka nirudishe gia mpaka ya pili ndipo liamke. Lakini sindano ilipopita 5,000 sauti yake iliacha kuwa mngurumo ikawa kali, nyembamba na safi, na kila nilipolegeza mguu kwa kiasi cha unywele gari nalo lililegea kwa kiasi kile kile. Nilifika Kilifi nikiwa sitaki kushuka.

Naomba msaada wenu katika mambo matatu. Kwanza, inakuwaje injini ndogo ikaishinda kubwa? Pili, je, turbo itastahimili joto na msongamano wa hapa kwetu? Tatu, ule uhai niliouhisi katika gari la zamani ni jambo la kweli, au ni moyo wangu tu uliotangulia kuamua? Niongeze kwamba mke wangu kwao ni Nakuru, na kila mwaka tunapanda bara mara tatu hivi, kila safari ikichukua kama juma moja.

Fundi wa Changamwe:

Wa alaikum salaam, ndugu Nahodha, na hongera kwa subira yako. Nimefungua na kufunga injini kwa miaka ishirini na sita. Nitasema ya gereji tu. Hesabu za hewa nawaachia wenyewe.

Turbo si kitu cha kuogopwa, lakini haisamehi uvivu. Ndani yake mna shafti moja nyembamba ambayo upande mmoja imebeba feni inayosukumwa na moshi wa injini, na upande wa pili feni inayosukuma hewa safi kwenda kwenye silinda. Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika, na kinachoitenganisha na beringi zake ni utando mwembamba wa oili. Moshi wenyewe, gari likiendeshwa kwa nguvu, hufika karibu nyuzi 900 na hata kupita. Sasa fikiria mtu anayetoka Kilifi mbio, anaingia uani kwake, anazima injini papo hapo. Oili iliyonaswa ndani ya turbo inaungua, inakuwa masizi magumu kama chenga za mkaa, na masizi hayo ndiyo yanayoziba njia za oili na kukwangua beringi. Magari ya miaka hii yana maji ya kupoza turbo ambayo huendelea kuzunguka hata injini ikishazimwa, na jambo hilo limepunguza tatizo sana, lakini halimwokoi mtu anayebadilisha oili siku anayokumbuka.

Mwaka juzi nililetewa gari la michezo lenye turbo, si Porsche, ambalo mteja wangu alikuwa amelinunua kwa muuzaji mmoja aliyemhakikishia kwamba lilitunzwa vizuri. Alilalamika kwamba halivuti na kwamba asubuhi hutoa moshi wa buluu. Nililitoa bomba la hewa linaloingia kwenye turbo, nikaingiza mkono, nikaishika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Shafti nzima huwa na mchezo mdogo wa kwenda kando, ambao unauhisi kwa makini tu, na kwenda mbele na nyuma haitakiwi kucheza hata kidogo. Hii ilikuwa ikilegalega kama jino la mtoto, na mapanga ya feni yalikuwa yamesagika ncha kwa kugusa ukuta. Ndani ya bomba mlikuwa na oili ya kujaa kijiko. Kitabu cha huduma kilikuwa na mihuri yote, tena imepangwa vizuri, na oili niliyoimwaga ilikuwa nyeusi na nzito kama shira ya kaimati iliyoungua.

Kwa hivyo ukilichukua lile la 2017, usinunue kabla shafti zote mbili hazijashikwa kwa mkono. Turbo zake ni mbili, moja kila upande wa injini, na zikifa bei ya kuzibadilisha itakufanya ukae chini. Baada ya hapo badilisha oili mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu vitabu hivyo havikuandikwa kwa kuangalia gari linalosimama nusu saa Makupa likiwa linanguruma chini ya jua la Machi.

Kwa upande wangu, ningelichukua lile la 2013. Kila kitu ambacho hakimo kwenye gari ni kitu ambacho hakitaharibika.

Mhandisi wa Meli:

Ndugu Nahodha, nimefanya kazi katika vyumba vya injini vya meli kwa miaka kumi na tisa, na turbo nilizozitunza mimi zilikuwa na kimo cha kumpita mtu mzima. Kanuni ni ile ile. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905, na kufikia miaka ya 1920 lilikuwa limeanza kutumika melini, muda mrefu kabla halijafika kwenye magari ya watu. Gari la abiria lenye turbo halikuuzwa madukani hadi mwaka 1962, huko Marekani.

Swali lako la kwanza lina jibu fupi. Injini ni pampu ya hewa. Ili kilo moja ya petroli iungue sawasawa inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Kuongeza petroli ni rahisi, unafungua nozeli muda mrefu zaidi. Kazi ngumu ni kuiingiza hewa. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa pistoni kushuka, na haiwezi kupata zaidi ya kile ambacho shinikizo la hewa ya nje linakubali kuingiza, isipokuwa nyongeza ndogo inayotokana na ustadi wa kupima urefu wa mabomba. Basi ili ipate hewa nyingi zaidi kwa dakika ina njia mbili tu: iwe kubwa, au izunguke upesi. Ndiyo maana lile la 2013 lilikutaka urudishe gia. Injini yenye turbo inalishwa kwa nguvu. Inachukua nishati iliyomo katika moshi, ambayo vinginevyo ingepotea kwenye bomba, na kuitumia kushindilia hewa ndani ya silinda, kwa hivyo lita 3.0 zinakula hewa ya injini kubwa zaidi hata zikizunguka polepole.

Sasa naomba niingie katika jambo ambalo nadhani ndilo la kukuamulia, kwa sababu umetaja Nakuru. Hapa pwani, usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni takriban kilopaskali 101. Nairobi, iliyo kama mita 1,700 juu, ni takriban 82, na Nakuru ni chini ya hapo. Nairobi hewa ni baridi kuliko yetu, na ubaridi huirudishia uzito kiasi. Hewa yetu nayo ina mvuke mwingi, na siku ya joto lenye unyevu mvuke huo huchukua nafasi ya asilimia kama 3 ya hewa yote bila kusaidia kuunguza chochote. Ukishatoa na kujumlisha hayo yote, injini isiyo na turbo inayopanda kutoka Mombasa hadi Nairobi hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Farasi 350 unaotoka nao Nyali, ukifika Nairobi unao kama 300. Gari halina kasoro. Ni hewa tu imepungua.

Lile la turbo halipotezi hivyo. Kompyuta yake inajua shinikizo linalotakiwa ndani ya silinda, na hewa ya nje ikiwa nyepesi inaiacha turbo izunguke kwa kasi zaidi mpaka ilipate. Tuseme inataka shinikizo la mara 1.8 ya hewa ya pwani. Hapa kwetu turbo itazidisha hewa mara 1.8, Nairobi italazimika kuizidisha karibu mara 2.2 ili kufika pale pale. Inachoka zaidi na hewa yake inakuwa ya moto zaidi, lakini mradi haijafikia kikomo chake, wewe uliye kwenye usukani hutahisi tofauti kubwa.

Lakini nisiwe kama wakili wa upande mmoja. Hewa ikishindiliwa hupata moto. Ukianza na hewa yetu ya nyuzi 32 na kuizidisha mara 1.8, itatoka kwenye turbo ikiwa na zaidi ya nyuzi 100, kwa kuwa hakuna feni inayofanya kazi bila hasara. Hewa ya moto ni nyepesi, tena huifanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake, kwa hivyo hupitishwa kwanza kwenye kipoza hewa, kile ambacho mafundi hukiita intakula. Na intakula haiwezi kuipoza hewa chini ya joto la nje. Siku ya kaskazi, gari limesimama Kibarani huku lami ikitoa mvuke, hakuna upepo unaopita ndani ya intakula, chuma chake kinanyonya joto, na ukipata nafasi ya kukanyaga mafuta kompyuta inapunguza nguvu ili kuilinda injini. Hali hiyo hupita ukishatembea kidogo, na msimu wa kusi utaisahau kabisa. Lakini ipo, na Fundi hajakosea kuitilia maanani.

Mimi, kwa safari zako za Nakuru, ningechukua turbo.

Binti Kongowea:

Nawashukuru Fundi na Mhandisi, nimejifunza. Hata hivyo, swali la tatu la ndugu Nahodha limeachwa bila jibu, na kwangu mimi ndilo swali lenyewe, kwa sababu hakuna mtu anayehitaji Porsche ili kufika Nakuru.

Ule uhai ulioutaja ni wa kweli na una sababu. Katika injini isiyo na turbo, unapokanyaga mafuta kilango cha hewa kinafunguka, na silinda inayofuata kuvuta inapata hewa hiyo mara moja. Katika injini ya turbo, mafuta unayoyakanyaga yanafungua kilango, hewa kidogo inaingia, moshi unaongezeka, moshi unaisukuma feni, feni inaanza kukaza mwendo, hewa nyingi zaidi inashindiliwa, na hapo ndipo nguvu unayoitaka inapofika. Mzunguko huo wote huenda ukachukua sehemu ndogo tu ya sekunde. Barabara iliyonyooka huwezi kuujua. Ila katikati ya kona, ambapo dereva anaongoza gari kwa mguu kama anavyoliongoza kwa usukani, akitoa na kuongeza nguvu kwa vipimo vidogo vidogo ili magurudumu ya nyuma yasiteleze, ile sehemu ndogo ya sekunde ni tofauti ya kuzungumza na mtu ana kwa ana na kuzungumza naye kwa simu ya masafa ya mbali. Nawe uliihisi mwenyewe uliposema kwamba gari lililegea kwa kiasi kile kile ulicholegeza mguu.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Ferrari 458 Italia ilikuwa na V8, injini ya silinda nane, ya lita 4.5 isiyo na turbo, farasi 570 kwenye mizunguko 9,000 na torki ya Nm 540. Mwaka 2015 nafasi yake ilichukuliwa na 488 GTB, lita 3.9, turbo mbili, farasi 670, Nm 760. Ukisoma hapo unadhani mjadala umekwisha. Lakini Ferrari hawakuiachilia torki hiyo yote katika kila gia. Nm 760 hupatikana katika gia ya saba tu, na katika gia za chini kompyuta huizuia makusudi ili nguvu ipande hatua kwa hatua kadiri mizunguko inavyopanda. Maana yake ni kwamba walitengeneza injini ya turbo kisha wakafanya bidii kubwa ili dereva aihisi kama ile waliyoiacha.

Tazama pia Porsche. Toleo la 911 Turbo la mwaka 2020 lilipotoka, Turbo S ilikuwa na farasi 650 na Nm 800, na hakuna mwenye akili anayesema kwamba haina kasi. Kampuni hiyo hiyo, inapotaka gari la mtu anayependa kuendesha kwenye uwanja wa mashindano, inampa GT3, lita 4.0, bila turbo, farasi 510, mizunguko 9,000, na kila silinda ina kilango chake cha hewa ili jibu lisichelewe. Na Lexus walipotengeneza LFA, magari 500 tu kati ya 2010 na 2012, V10 yake ilikuwa ikipanda kutoka kwenye ngurumo ya kusimama hadi mizunguko 9,000 kwa sekunde 0.6. Sindano ya kawaida haikuweza kuifuata, wakalazimika kuweka kioo cha kidijitali badala yake. Nimewahi kuisikia injini hiyo kwa masikio yangu, nje ya nchi, nikiwa nimesimama hatua kumi kutoka kwenye bomba. Siwezi kuilinganisha na gari lolote lingine. Ilikuwa karibu na ala ya muziki kuliko mashine, na hilo halikutokea kwa bahati, maana Yamaha walishirikishwa katika kuitengeneza injini na hata sauti yake.

Turbo huimeza sauti. Feni ile inasimama katikati ya njia ya moshi, inayavunja mapigo ambayo ndiyo sauti yenyewe, na kinachobaki ni mvumo. Mtu anaweza kusema sauti haina faida. Mimi naona mtu aliyeweka akiba miaka kumi na mmoja ana haki ya kuisikia injini yake.

Kwa nini basi wameiacha, kama ni nzuri hivyo? Sababu kubwa ni sheria za moshi. Umoja wa Ulaya uliweka wastani wa gramu 130 za kaboni dayoksaidi kwa kilomita kufikia 2015, kisha gramu 95 kufikia 2021, na vipimo vya maabara hufanywa kwa mwendo wa utulivu, ambapo injini ndogo inayolala huku turbo ikisubiri hunywa petroli kidogo. Ukiiamsha inakunywa kama kubwa, na pengine zaidi, kwa sababu inamwagiwa petroli ya ziada ili kulipunguza joto. Ni uamuzi unaoeleweka, na hata mimi napenda hewa safi. Ila tusidanganyane kwamba turbo ilishinda kwa sababu madereva waliichoka ile nyingine.

Mzee wa Tudor:

Wanangu, nimewasoma kwa furaha. Naomba niongeze jambo moja kutoka kwenye mashindano yetu ya magari ya Safari, kwa maana ubishi huu ulikwisha kufika katika nchi hii miaka mingi iliyopita, tena kwenye vumbi na matope.

Mwaka 1978 Vic Preston Mdogo, mtoto wa hapa hapa Kenya, alimaliza wa pili akiendesha Porsche 911 SC, lita 3.0 bila turbo. Mwaka 1983 Audi walikuja na Quattro, magari ya turbo yenye kuendeshwa na magurudumu yote manne, na kila mtu alisema yatapita bila upinzani. Aliyeshinda ni Ari Vatanen kwa Opel Ascona 400, isiyo na turbo na inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, huku Quattro zikifuata nyuma yake. Wapenzi wa injini za zamani walitamba sana mwaka ule. Hawakutamba tena. Mwaka uliofuata Björn Waldegård alishinda kwa Toyota Celica ya turbo, Toyota wakarudia 1985 na 1986, na 1987 Audi nao wakapata ushindi waliokuwa wakiutafuta. Sehemu kubwa ya njia ya Safari iko juu, na hesabu ya Mhandisi kuhusu hewa ya bara naiamini kabisa.

Lakini Waldegård huyo huyo, mwaka 2011, alirudi Afrika Mashariki akiwa mtu mzima na kushinda Safari ya magari ya kale kwa 911 isiyo na turbo.

Nahodha wa Nyali:

Ahsanteni sana, na wewe Mzee wangu, shikamoo. Mmenipa zaidi ya nilichoomba.

Jana usiku nilikaa na kalamu. Safari tatu za juma moja moja ni siku ishirini na kitu kwa mwaka. Siku nyingine zote, zaidi ya 340, gari litakuwa likivuta hewa ya usawa wa bahari, ile ile yenye kilopaskali 101. Mhandisi alitaka kunipeleka kwenye turbo, lakini hesabu yake mwenyewe imenipeleka upande wa pili, kwa sababu sioni kwa nini nijilinde mwaka mzima dhidi ya hasara ya majuma matatu. Nikifika Nakuru na farasi 300 badala ya 350, wakwe zangu hawatanipunguzia heshima kwa hilo.

Nimebakiwa na wasiwasi mmoja. Nimesoma kwamba uwiano wa mgandamizo, yaani kiasi ambacho hewa hubanwa ndani ya silinda, wa injini ya 3.4 ni 12.5 kwa 1, ilhali wa ile ya turbo ni 10 kwa 1. Je, mgandamizo mkubwa hivyo hautaleta shida kwa petroli yetu, na kwa joto letu?

Mhandisi wa Meli:

Umenishika kwa kamba yangu mwenyewe, ndugu Nahodha, na sina la kupinga; nilihesabu safari na sikuhesabu siku.

Wasiwasi wako ni wa haki. Mgandamizo mkubwa ndio unaoipa injini isiyo na turbo nguvu bila kulishwa, na ile ya turbo hupunguziwa kwa sababu hewa inaingia ikiwa imekwisha kushindiliwa tayari. Petroli hafifu ikigandamizwa kupita kiasi hujilipukia yenyewe kabla mwali wa cheche haujaifikia, na utasikia mlio kama kokoto ndani ya debe. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba pwani ni mahali pagumu zaidi kwa petroli kuliko bara, kwa sababu hewa yetu nzito huijaza silinda kabisa. Petroli ambayo Nairobi haileti shida inaweza kuleta shida hapa, hasa mchana wa Februari na Machi. Injini yako ina vihisi vinavyosikia mlipuko huo na kuichelewesha cheche mara moja, kwa hivyo haitaharibika ghafla, lakini kila cheche inapocheleweshwa unapoteza nguvu ulizozilipia. Nunua petroli ya daraja la juu, katika kituo kinachouza sana ili isiwe imekaa, na usilikanyage sana gari wakati limetoka kusimama juani.

Fundi wa Changamwe:

Naunga mkono. Na kabla hujalipa, ndugu Nahodha, lilete gerejini likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa. Nataka kulisikia likiwaka baridi. Usistuke likitoa moshi kidogo kwa sekunde chache, kwa kuwa silinda za 911 zimelala ubavuni na oili hujikusanya humo usiku. Moshi usiokatika ndio wa kuogopwa. Kisha nitatoa plagi zote sita na kuingiza kamera ndogo katika kila tundu, niangalie kuta za silinda kama zina mikwaruzo ya wima. Kazi hiyo itachukua karibu siku nzima, na muuzaji asiyekubali ifanyike amekwisha kukupa jibu.

Nahodha wa Nyali:

Fundi, nimeongea na muuzaji, na amekubali plagi zitolewe, sharti awepo. Tutakuja Jumamosi saa moja asubuhi. Gari litalala hapo hapo mtaani kwenu kwa jamaa yake tangu Ijumaa jioni, ili asubuhi lisukumwe kwa mkono mpaka kwenye lango lako bila kuwashwa. Binti Kongowea, ukipata nafasi nawe njoo uisikie ikiwaka.